Kabla Hujatafuta Gitaa la Pili: Barua kwa Mpwa Wangu

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeusikiliza ujumbe wako wote, pamoja na ile rekodi ya mazoezi yenu. Unasema watatu hamtoshi: kwa gitaa moja, besi na drams muziki unabaki na mapengo, kwa hiyo mnatafuta mpiga gitaa wa pili. Halafu ukaniuliza hii bluzi-roki ya Texas, yaani bluzi iliyochanganywa na roki, ninayoisifia kila tukikutana imewaachia nini wapiga gitaa wa leo. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua vijana wengine wana swali kama lako, na kwa sababu maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Sisi tumekulia kwenye muziki wa dansi, ambako magitaa yamegawana kazi: huyu solo, yule ridhim, mwingine besi. Ni mpango mzuri na siupingi. Texas walishika njia nyingine. Blind Lemon Jefferson, kipofu aliyepiga gitaa mitaani Deep Ellum, mjini Dallas, hakuwa na bendi. Aliimba mstari, akanyamaza, gitaa likamjibu, akarudi kuimba. Alifariki mwaka 1929, baada ya miaka michache tu ya kurekodi. Lakini kulikuwa na kijana aliyemshika mkono kumwongoza mitaani, na kijana huyo ndiye T-Bone Walker. Walker aliyahamishia mazungumzo yale ya sauti na gitaa kwenye gitaa la umeme, mbele ya bendi yenye tarumbeta na saksofoni. Call It Stormy Monday aliyoirekodi mwaka 1947 ndiyo iliyompa B.B. King, mpiga gitaa mashuhuri wa bluzi, hamu ya kushika gitaa la umeme. Fikiria uzito wa jambo hilo.

Mtu ninayetaka umsikilize kwa makini zaidi ni Freddie King. Alizaliwa Gilmer, Texas, mwaka 1934, akahamia Chicago angali kijana. Alivaa kidude cha plastiki kwenye kidole gumba na cha chuma kwenye kidole cha shahada, ndiyo maana kila noti yake inatoka kali na imenyooka. Hide Away, iliyovuma mwaka 1961, haina mwimbaji hata mmoja. Gitaa ndilo linaloimba, linalouliza na linalojibu.

Sasa tazama ilivyosafiri. Uingereza kulikuwa na bendi ya John Mayall, Bluesbreakers, na wapiga gitaa watatu walipita pale kwa kufuatana. Eric Clapton akairekodi Hide Away mwaka 1966. Peter Green akaja, mwaka 1967 wakatoa The Stumble, ya Freddie King. Akafuata Mick Taylor, na mwaka huohuo ikatoka Driving Sideways, ya Freddie King tena! Clapton akatoka pale akaunda Cream, bendi ya watu watatu. Green akaanzisha Fleetwood Mac. Taylor akaingia Rolling Stones mwaka 1969. Kijana wa Gilmer akawa mwalimu wa nusu ya roki ya Uingereza, na wasikilizaji wengi wa bendi hizo hawakulijua hata jina lake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nyumbani Texas nako kazi iliendelea. ZZ Top walianza Houston mwaka 1969, na baada ya kubadilisha watu mwanzoni wakabaki watatu, gitaa moja, besi na drams, na watatu walewale wakakaa pamoja mpaka mpiga besi wao, Dusty Hill, alipofariki mwaka 2021. Sikiliza La Grange, ya 1973: gitaa la Billy Gibbons linaanza karibu peke yake, wala huhisi kwamba kuna kitu kimepungua.

Halafu Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa mwingine wa Texas. Mwaka 1982 alipanda jukwaani Montreux, Uswisi, na baadhi ya wasikilizaji wakamzomea. Mwimbaji David Bowie alimwona huko, akamwita apige solo kwenye albamu yake Let's Dance. Mwaka 1983, wakati vinanda vya umeme vimeshika redio, Vaughan na wenzake wawili wa besi na drams, Double Trouble, wakatoa albamu ya Texas Flood, na vijana wakarudi madukani kununua magitaa. Watu hukumbuka solo zake. Mimi nakuomba usikilize ridhim yake kwenye Pride and Joy. Mkono wa kulia ukishuka unagonga uzi mnene, hiyo ni besi. Ukipanda unakwaruza nyuzi nyembamba ambazo mkono wa kushoto umezizima nusu. Mkono hausimami. Hapo kuna solo, ridhim na nusu ya drams katika gitaa moja. Ni kweli mwaka 1985 waliongeza mpiga kinanda, na Vaughan alijifunza mengi kwa Albert King ambaye hakuwa mtu wa Texas. Lakini mkono ule ni wa kwao.

Umeniuliza pia kama ununue nyuzi nene. Vaughan alifunga uzi wa kwanza mnene, wa inchi 0.013, na kulegeza gitaa zima nusu sauti. Gibbons anapendelea nyuzi nyembamba mno. Wote wawili ukiwasikia unajua ni watu wa Texas. Hifadhi pesa yako. Na usidhani habari hii imeishia kwa wafu: Gary Clark Jr., mzaliwa wa Austin, alikulia kwenye jukwaa la klabu ya Antone's, na mwaka 2020 alipata Grammy tatu.

Kwa hiyo tangazo la kutafuta mpiga gitaa liweke kando kwanza. Chukueni ule wimbo wenu wa pili, ucheze mwanzo hadi mwisho bila solo hata moja, mkono wa kulia ukitembea muda wote. Ukiimba, gitaa lipunguze, ukinyamaza, lijibu. Mpiga besi wenu naye apunguze noti, kwenye rekodi anaziba nafasi ambazo ni zako. Kisha nitumieni rekodi nyingine.

Mjomba wako