Barua kwa Selemani kuhusu chanzo cha elektroni

Shangani, Mtwara

Kwako ndugu yangu Selemani,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na ni matumaini yangu kuwa nanyi huko Lindi mu wazima.

Umeniuliza kwa nini wahandisi wa mashine za kuharakisha chembe wanahangaika na chanzo cha elektroni, yaani chumba cha metali ya niobiamu kinachopoozwa kwa heliamu kimiminika, ilhali shaba ipo. Elektroni zote zina chaji hasi, hivyo mara leza inapozing'oa kwenye kathodi, yaani kipande kinachozitoa ndani ya chumba hicho, huanza kusukumana, na zikishatawanyika pale mwanzoni ni vigumu mno kuzikusanya tena huko mbele. Dawa yake ni uga mkali wa umeme unaozikimbiza tangu zinapozaliwa. Shaba inaumudu uga huo, lakini kuta zake hushika moto, kwa hiyo hufanya kazi kwa mapigo mafupi tu. Niobiamu ni supakondakta: hupoteza ukinzani wa umeme chini ya kelvini 9.2 (yapata nyuzi -264 za Selsiasi), na ikishushwa hadi kelvini 2, joto la kutani huwa dogo kiasi kwamba uga mkali unaweza kuwaka mfululizo.

Taabu kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye kathodi. Utando wa sesiamu na teluriamu, unaotoa elektroni vizuri, si supakondakta, hivyo hushika joto, nao unawekwa ndani ya chumba kisichovumilia hata vumbi. Kule Rossendorf, karibu na Dresden, Ujerumani, ambako chanzo cha namna hii kilijaribiwa mwaka 2002, kijiti cha kathodi hakiigusi niobiamu kabisa. Kati yao kuna mwanya mwembamba, na kijiti hupoozwa peke yake kwa naitrojeni. Punje moja ikidondoka ukutani wakati wa kubadilisha kathodi, pale penye uga mkali, huanza kumwaga elektroni zisizotakiwa, na uwezo wa chumba kizima hushuka.

Wenzao wa Berlin, mji uleule iliko mifupa ya dinosaria ya Tendaguru yenu, mwaka 2011 walitumia kathodi ya madini ya risasi, ambayo nayo ni supakondakta. Ugomvi wa joto na baridi ukapungua, ila risasi hutoa elektroni chache mno kwa mwanga inaopewa, na mashine zinazohitaji mkondo mkubwa haziwezi kuitegemea.

Ukija Mtwara tuuchore pamoja ule mwanya, maana wanafunzi wako wa kidato cha sita watauulizia tu.

Wako,
Hamisi