Kibatari cha Jirani

Kilwa Masoko, Oktoba

Mwanangu Salum,

Sisi hapa hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Swali lako la likizo ya Septemba bado ninalo. Tulikuwa ufukweni, ukanionyesha nyota iliyokuwa ikionekana na kupotea chini ya ile nyota angavu ya Alnair, ukaniuliza, "Baba, ni hafifu kwa sababu iko mbali?" Nikakujibu ndiyo. Jibu lile halikuwa sahihi, na sitaki ukae nalo.

Ile ni Epsilon Indi, mmoja wa majirani zetu wa karibu kabisa. Mwanga wake hutufikia kwa miaka 12 kasoro kidogo. Ule uliouona uliondoka huko ulipokuwa na mwaka mmoja, ukishika ukuta kujifunza kutembea. Sasa chukua nyota ya Suheli, unajua inavyowaka. Hiyo iko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 300! Suheli ni karabai ya mtumbwi ulio mbali baharini. Epsilon Indi ni kibatari cha nyumba ya pili.

Kinachoififisha ni udogo wake na upungufu wa joto lake. Uzito wake ni kama robo tatu ya uzito wa Jua, na upana wake ni kama sehemu saba kati ya kumi za upana wa Jua. Ukipiga hesabu, eneo la uso wake ni nusu tu ya uso wa Jua. Tena uso wenyewe una joto la nyuzi 4,400 hivi za Selsiasi, wakati wa Jua ni 5,500, na joto likipungua kiasi hicho mwanga hushuka sana: kila kipande cha uso wake hutoa chini ya nusu ya kile cha Jua. Nusu ya nusu, na bado pungufu. Kwa hiyo mwanga wake wote ni kama sehemu ya tano ya mwanga wa Jua. Kwa darubini ya mkononi utaiona ina rangi ya chungwa, na hilo ndilo joto lake linalojisema.

Lakini kinachowaka polepole hudumu, nayo itaishi kuliko Jua letu.

Haiko peke yake pia. Mbali nayo kuna vibete viwili vya kahawia vinavyozungukana, vizito kuliko sayari ila havikufikia uzito wa kuwaka kama nyota. Na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba darubini ya anga za juu ya James Webb imepiga picha ya sayari yake, yenye uzito wa kama mara sita ya sayari ya Mshtarii. Waliuziba mwanga wa nyota, kama unavyokinga karabai kwa kiganja ili umwone aliyesimama nyuma yake. Joto la sayari hiyo ni karibu nyuzi 2, kama ndani ya friji. Nilipolisoma hilo nilitamani ungekuwa karibu nikusomee.

Taa za bweni zikizimwa, tafuta Alnair upande wa kusini, mapema usiku. Nyoosha mkono, kunja ngumi, uiweke chini yake. Ngumi inapoishia ndipo ilipo. Usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, itakujia.

Baba yako