Biskuti za jibini za sikukuu: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na ile picha ya trei nimeitazama kwa makini. Biskuti zimetambaa zikashikana zikawa mkeka mmoja, kingo nyeusi, katikati panang'aa mafuta. Kabla hujailaumu oveni, tazama ulichoniandikia mwenyewe: jibini ya mozarela, majarini laini ya kopo, na donge likatoka bakulini moja kwa moja hadi motoni. Mambo hayo matatu yanatosha kabisa kukuletea mkeka ule.

Jibini si kama pilipili manga, kitu cha kunyunyizia ladha bila kugusa hesabu ya vitu vingine. Ni mafuta, maji na chumvi kwa pamoja, na ukiitia kwenye unga umetia vyote vitatu. Katika jibini ya cheda, kidogo zaidi ya theluthi moja ya uzito ni maji na karibu theluthi nyingine ni mafuta. Mozarela ina maji karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo gramu zako 150 zilikuwa na maji kama gramu 75, na majarini ya kopo nayo ina maji mengi na haiwi ngumu hata ikiwa ndani ya friji. Unga haukuwa na cha kuushikilia.

Hiki ndicho kipimo cha kutumia. Kinatoa biskuti kama 50 ndogo:

Unga wa ngano wa kawaida, gramu 150
Unga wa mchele, gramu 25
Siagi baridi isiyo na chumvi, gramu 100
Cheda iliyokomaa, gramu 120
Jibini ya parmesani, gramu 30
Kiini cha yai 1 (ute uweke, una kazi)
Haradali ya unga, nusu kijiko cha chai
Pilipili kali ya unga, robo kijiko cha chai
Chumvi, robo kijiko cha chai

Pima kwa mizani. Kikombe cha jibini iliyokwaruzwa hakina uzito mmoja. Ukiikandamiza kidogo tu kinaingia zaidi, na kila gramu inayozidi ni mafuta na maji yanayozidi. Huwezi kupika kitu kimoja mara mbili kwa namna hiyo.

Chagua jibini iliyokomaa. Inakuwa imepoteza maji na ladha yake imekolea, kwa hiyo gramu 120 zinasikika mdomoni. Ukitumia changa utaona biskuti zimepoa ladha, utaongeza jibini, halafu utarudi kulekule kwenye mkeka. Hiyo parmesani ni kavu zaidi na ina chumvi nyingi, ndiyo maana ni gramu 30 tu. Usinunue iliyokwaruzwa tayari kwenye mfuko. Hupakwa wanga au selulosi (unga wa nyuzi za mimea) ili isigandane, na poda hiyo hufanya donge kuwa kavu na kumeguka. Nunua kipande, kwaruza mwenyewe kwa matundu madogo. Vipande vikubwa vikiyeyuka huacha mashimo, na penye shimo biskuti huvunjika.

Kuhusu chumvi: jibini hizo mbili zimeshakuletea gramu mbili na nusu hadi tatu. Ikiwa umepata siagi yenye chumvi tu, basi usiongeze hata chembe. Majarini ya kipande, ile ngumu, inaweza kuchukua nafasi ya siagi na biskuti zikasimama, ila ladha itapungua. Ya kopo iache kwa mkate.

Unga wa mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, na hapo ndipo faida yake ilipo: unafanya biskuti ivunjike kwa mlio badala ya kutafunika kama mkate. Ukikosa, tia wanga wa mahindi kiasi kilekile. Usitie hamira ya unga wala unga uliochanganywa na hamira. Biskuti hii haihitaji kuumuka. Ikiumuka inakuwa na vitundu ndani na kesho yake imelegea.

Sasa kuchanganya. Chekecha unga wa aina zote mbili pamoja na haradali, pilipili na chumvi. Kata siagi vipande vya sentimita moja ikiwa bado baridi, imwage kwenye unga, uisugue kwa ncha za vidole mpaka upate chenga kama za mkate mkavu. Nimesema ncha za vidole, si viganja. Viganja vina joto, na siagi huanza kuyeyuka kabla haijafika joto la mwili. Kazi ya kusugua ni kuzivisha punje za unga mafuta ili maji yasizifikie kwa urahisi, maana maji yakikutana na unga unaokandwa gluteni hujifunga na biskuti hukakamaa. Siagi ikiyeyuka kabla ya hapo utaona mchanganyiko unang'aa na kunata. Ukiona hivyo, acha. Bakuli liingie kwenye friji dakika 15, kisha endelea.

Tia jibini yote, changanya kwa uma, ndipo utie kiini. Kusanya kwa mkono mpaka lishikane, na hapo uishie. Hili si donge la kukandwa. Likikataa kushikana, ongeza maji baridi sana, kijiko kimoja cha chai, ukibonyeza kwanza kabla ya kuongeza cha pili. Mara nyingi cha pili hakihitajiki. Watu hukimbilia maji kwa sababu donge linaonekana kavu bakulini, wakati jibini bado haijabanwa ikatoa unyevu wake.

Gawa donge mara mbili. Kila nusu ibonyeze kwa nguvu kutoa hewa, kisha iviringishe iwe gogo la kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 16 hivi. Funga kwa karatasi ya kuokea, songoa ncha kama pipi, weka kwenye friji kwa muda wa saa 2. Katika saa ya kwanza ligeuze kila baada ya dakika 20, la sivyo upande uliolalia utakuwa bapa na biskuti zako zitafanana na mwezi wa siku kumi.

Hizo saa 2 ndizo ulizoziruka. Siagi ikiingia motoni ikiwa laini, inayeyuka na kukimbia kabla unga na protini za jibini hazijakaza. Ikiingia ikiwa ngumu, kingo hupata muda wa kushika umbo. Tofauti ni ya dakika chache tu za mwanzo ndani ya oveni, lakini zinaamua kila kitu.

Ukitaka pambo, paka gogo lile baridi ute wa yai uliouweka, uliviringishe juu ya ufuta au habasoda, kijiko kikubwa kimoja kwa kila gogo. Ndani ya donge unaweza kutia bizari nyembamba iliyotwangwa au majani makavu ya rozimari yaliyosagwa, kijiko kimoja cha chai, si vyote viwili. Vitunguu saumu vibichi usitie: vinaleta maji, na vipande vinavyojitokeza juu huungua vikawa vichungu. Vya unga vinafaa, nusu kijiko cha chai.

Kata kwa kisu chembamba chenye makali, unene wa milimita 6. Kila baada ya vipande vitatu au vinne zungusha gogo robo mzunguko ili lisibonyee. Likimeguka ukilikata, limepoa kupita kiasi. Liache mezani dakika 5 hadi 10. Ukipenda nyota na maumbo mengine, sukuma donge katikati ya karatasi mbili hadi milimita 5, ulipoze likiwa bapa hivyohivyo, kisha kata. Mabaki yasukume tena mara moja tu. Nyota za mabaki ya mabaki huwa ngumu, hizo mle wenyewe jikoni.

Washa oveni mapema, nyuzi 180, au 160 ikiwa ni ya feni, na uache ipate moto sawasawa kwa dakika 20. Panga biskuti juu ya karatasi, nafasi ya sentimita 3 kati ya moja na nyingine. Lakini kabla ya kujaza trei, oka mbili peke yake. Donge bichi lina yai na unga mbichi, si la kuonja, na hizo mbili zitakuambia kuhusu chumvi, pilipili, na kama zinatambaa. Zikitambaa, rudisha gogo kwenye friza dakika 20. Zikitambaa hata baada ya hapo, umezidisha jibini au siagi. Sugulia unga kijiko kikubwa kimoja kwenye donge na ulipoze upya.

Zinachukua dakika 14 hadi 16. Katika dakika ya 10 geuza trei, kwa kuwa oveni nyingi zina upande mmoja mkali. Mwanzoni utaona mapovu madogo yakichemka kwenye kingo. Hayo ni maji ya jibini na siagi yanayotoka. Yakitulia, kaa hapohapo. Unatafuta kingo za rangi ya asali na chini rangi ya kahawia nyepesi, kwa hiyo inua moja uitazame tumbo. Jibini hupita kutoka utamu wa kukaangika hadi uchungu kwa dakika mbili tu, na trei nyeusi huunguza chini haraka kuliko ile inayong'aa. Kama trei yako ni nyeusi, punguza nyuzi 10.

Zikitoka zitakuwa laini. Usizirudishe. Ziache kwenye trei dakika 3, kisha zihamishie kwenye wavu wa waya. Mafuta yakiganda ndipo zinakuwa kavu. Ukiziacha kwenye trei mvuke unabaki chini na kuzilegeza. Trei ya pili nayo ipakie ikiwa baridi. Donge likilala kwenye bati la moto linayeyuka kabla hata mlango wa oveni haujafungwa.

Kwa kuwa wageni wako watakuja siku kadhaa mfululizo, usioke zote pamoja. Magogo hukaa friji siku 3, na friza hadi miezi 2. Kata vipande kwanza, vigandishe vikiwa vimetandazwa, ndipo uvitie mfukoni, navyo utaoka bila kuyeyusha kwa kuongeza dakika 2 hivi. Zilizookwa hukaa kwenye kopo lisilopitisha hewa siku 5, mradi zimepoa kabisa kabla ya kufunika, na usizichanganye na keki kopo moja kwa sababu zitanyonya unyevu wake. Zikilegea, nyuzi 150 kwa dakika 5, kisha zipoe tena kwenye waya.

Na waambie wageni mapema kuwa zina maziwa, ngano, yai na haradali, na ufuta ukiutia. Kwa macho zinafanana na biskuti yoyote ile.

Nitumie picha ya zile mbili za majaribio kabla hujaendelea na zilizobaki.

Mama yako