Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Itandazeni ramani kabla ya kugonga muhuri

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya ardhi na mipango ya mji,
Zanzibar.

YAH: RAMANI ZA KALE ZA MJI NA MAJI YALIYOINGIA NYUMBANI KWANGU

Assalaam alaykum,

Mheshimiwa, baada ya salamu, naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Si ada yangu. Nimesomesha jiografia skuli kwa miaka thelathini na moja, na muda wote huo nikiwafunza watoto kwamba barua ya kwenda kwa mkubwa hupelekwa kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, kisha mtu akasubiri. Nimefanya hivyo mara nne. Nakala zote nne ninazo na mihuri yake. Jibu sina hata moja. Usiku wa Jumatano iliyopita maji yameingia tena ndani, safari hii mpaka magotini, na subira niliyokuwa nayo imekwenda nayo.

Naomba nieleze yalivyoingia, maana shauri lote liko hapo.

Mvua ilianza baada ya magharibi. Mwezi ulikuwa mpevu, ni siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Magunia ya mchanga nilishayapanga mlangoni kama sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alivyotuagiza, na maji hayakupita mlangoni. Nilikuwa nimekaa kitandani nasikiliza redio, nikaona kitu kinang'aa kwenye ufa wa sakafu karibu na kabati, kama mafuta yaliyomwagika. Nikainama na tochi. Maji yalikuwa yakipanda kutoka chini, polepole, na tope jeusi jembamba likizunguka ndani yake. Nikachovya kidole nikaonja. Chumvi.

Mvua haina chumvi, Mheshimiwa. Iliyokuwa inaingia chumbani kwangu ni bahari.

Kufika saa kumi za usiku mjukuu wangu wa darasa la nne alikuwa juu ya meza, amekumbatia mkoba wake wa skuli. Cherehani ya marehemu mama ilikuwa majini. Madaftari ya mtoto mpaka leo yananing'inia kwenye kamba ya nguo, yamebanwa kwa vibanio, wino umechuruzika hesabu hazisomeki. Sakafu hii nimeshainyanyua mara mbili kwa fedha za kiinua mgongo changu, hata mlango wangu mwenyewe sasa naupita kwa kuinama. Sina tena cha kunyanyulia. Kuta zimeota ukungu mpaka usawa wa dirisha, na mtoto anakohoa usiku kucha. Daktari ananiambia nimtoe kwenye unyevu. Nimtoe nimpeleke wapi?

Asubuhi, sakafu ikiwa bado tope, nilitandaza mezani nakala ya ramani niliyokuwa nikisomeshea. Ni ile ya mji wa Zanzibar iliyopimwa na Imam Sharif, mpima ardhi kutoka India, mwaka 1892. Juu yake nikaweka karatasi ya kunakilia niliyochora mitaa ya leo kwa kipimo kile kile. Ukitaka ramani ya kale ikae sawa na ya sasa, kwanza unatafuta vitu visivyohama. Nilianza na pembe za Ngome Kongwe, nikaja Kanisa la Mkunazini, ambalo lilianza kujengwa 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, nikamalizia na mnara wa msikiti wa Malindi. Vitu hivyo vitatu vikishakutana, karatasi mbili zinashikana na mitaa mingine inajipanga yenyewe, kasoro hatua chache hapa na pale kwa kuwa karatasi ya zamani hunywea na kutanuka kwa unyevu. Nikachukua sindano ya cherehani ya mama, nikatoboa pale ilipo nyumba yangu. Nikainua karatasi ya juu.

Tundu lilikuwa majini. Wala si ukingoni, Mheshimiwa, ni majini hasa.

Watoto wa siku hizi wakisikia Darajani wanafikiria nguo na simu. Darajani palikuwa na daraja. Mkono wa bahari uliingia kutokea kaskazini, Funguni, ukazunguka nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja, na bamvua likijaa mji wa mawe ulibaki umeshikwa na nchi kwa shingo nyembamba tu. Ndiyo maana sisi wa huku tunaitwa watu wa Ng'ambo. Nahodha wa Kifaransa, Charles Guillain, aliuchora mji mwaka 1846, na kwenye ramani yake unauona umekaa kama kipande cha pembe tatu kilichozungukwa na bahari. Jumba la Beit al-Ajaib humo halimo, kwani Sayyid Barghash alilijenga 1883. Ramani ya 1892 inalikuta limeshasimama, na jirani yake ilikuwapo kasri ya Beit al-Hukm, iliyopigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 na haikujengwa tena. Ukiziweka ramani hizi mbili pamoja na ya leo unaona mji ukiongezeka na kupungua, nyumba moja moja, ufukwe hatua kwa hatua. Gati ya Malindi, iliyojengwa miaka ya 1920, imekaa palipokuwa bahari. Nilikuwa nikiwaonesha wanafunzi wangu jambo hili na darasa zima linanyamaza. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sasa ile bahari ilikwenda wapi?" Nilimjibu kwamba imefukiwa. Sasa naona jibu langu lilikuwa pungufu.

Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo. Kusini kulitangulia, pakapatikana viwanja vya Mnazi Mmoja. Kaskazini kulimalizwa miaka ya 1950, na barabara iliyokuwa ikipita kando ya maji ikaendelea kuitwa Creek Road miaka na miaka, maji yenyewe yakiwa hayaonekani tena, mpaka ilipopewa jina la Benjamin Mkapa. Lakini bahari haikuambiwa. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa hupanda kiasi cha mita nne kutoka pale yalipokupwa. Yanapenya ndani ya kifusi chini ya nyumba zetu. Mitaro inayomwaga baharini nayo inazibwa na bahari yenyewe, kwa kuwa mdomo wake umeshazama. Mvua ikinyesha saa hiyo haina pa kwenda ila kurudi kwetu.

Hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Hata majina ya mitaa yanalisema: Funguni ni penye fungu la mchanga, Ziwani ni penye ziwa, Kisiwandui ni kisiwa walikotengwa wagonjwa wa ndui. Wazee waliita pahala kwa kilichokuwapo.

Sasa nije kwenye jengo. Tangu lianze kuchimbwa lile ghorofa nyuma yetu, maji yamebadilisha njia. Zamani yalikuwa yanasimama uchochoroni siku moja yakaondoka. Sasa yanatokea sakafuni na hayaondoki. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani. Nadhani walipochimba msingi waliukata mtaro wa zamani uliopita chini, kisha wakapaziba kwa zege. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale aliniambia walikuta mawe yaliyopangwa vizuri kama ukuta uliolala, akakatisha maneno alipomwona msimamizi wake. Huenda nimekosea. Huenda ni masika tu yamekuwa makali, au bahari imepanda. Lakini aliyetoa kibali cha kujenga ghorofa lile, lau angeitandaza ramani ya 1892 mezani kabla ya kugonga muhuri, angeona anaruhusu watu wachimbe ndani ya mkono wa bahari, na angeuliza swali moja: maji yatapita wapi?

Mheshimiwa, unaukumbuka mkutano wa ukumbini, masika ya mwaka juzi? Mie ndiye yule mama mwenye kanga ya zambarau niliyesimama na karatasi mkononi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo nilikushukuru siku ile na leo nakushukuru tena. Ukasema kwa kinywa chako kwamba ndani ya miezi mitatu ramani zote za kale za mji zitapigwa picha, zitawekwa pahala kila mwananchi azione, na hakuna kibali kitakachotoka bila ya kutazamwa. Ulisema "hakuna". Watu walipiga makofi, na mie nilipiga. Miezi mitatu imeshapita mara nane.

Nilikwenda kuuliza zinakohifadhiwa. Mara ya kwanza mwenye ufunguo alikuwa likizo. Mara ya pili nikaambiwa ziko kwenye matengenezo. Mara ya tatu kijana mmoja mpole akanitolea bomba la bati, akaivuta ramani ya 1892 iliyokunjwa ndani yake, na pembe ya ramani ikabaki mkononi mwake kama kipande cha mkate mkavu. Aliona haya yeye kuliko mimi. Kile kipande nilikishika kwenye kiganja: kilikuwa na herufi mbili za jina lililokatika na mstari wa ufukwe. Akakirudisha ndani ya bomba pamoja na karatasi, akafunga. Hakuwa na bahasha ya kukitilia. Mara ya nne nikaambiwa nakala hutolewa kwa watafiti wenye kibali. Nikasema mimi ni mkaazi. Nikaambiwa mkaazi hayumo kwenye fomu.

Kipande kile hakinitoki moyoni. Najiuliza kama bado kimo bombani, au kimeshapeperuka siku feni ilipowashwa. Karatasi ile imesalimika zaidi ya miaka mia na thelathini. Imepitia masultani, Waingereza, Mapinduzi. Isije ikafia mikononi mwetu, ndani ya bomba la bati, kwa kukosa mtu wa kuipiga picha.

Nakiri ramani si msahafu. Guillain alikuwa mtu wa manowari, na macho ya mtu wa manowari hutazama bandari kwanza. Nyengine si ramani za mji uliopo bali za mji uliotakiwa: mpango wa Lanchester wa 1923, wa Kendall wa 1958, wa Wajerumani Mashariki wa 1968, wa Wachina wa 1982. Chukua ule wa 1968, uuweke juu ya mitaa ya Ng'ambo, utaona ulivyokuja na mistari iliyonyooka ikapita juu ya vichochoro vya watu. Baadhi ya mistari hiyo ndiyo majumba marefu ya Michenzani, na mingine ilibaki kwenye karatasi. Anayezisoma zote kuwa ukweli wa ardhini atapotea. Ndiyo maana nasema ziwekwe wazi, zisomwe na wengi, mzee wa mtaa aseme hapa palikuwa kisima, mvuvi aseme hapa tulikuwa tunafunga ngalawa. Mtu mmoja ofisini hawezi kuyajua hayo.

Wala usiniambie kazi hii hatuiwezi. Kuanzia 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zilirushwa juu ya Unguja na Pemba, na vijana wetu wenyewe wakafunzwa kuzirusha, tukapata picha za visiwa vyote viwili zinazoonesha hadi mabati ya mapaa. Ya leo tunayo. Ya kale tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuiweka moja juu ya nyengine, kazi niliyoifanya mie mezani kwangu kwa sindano, miguu ikiwa ndani ya tope.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mambo mengi ya kuomba. Nilitaka lile jengo lisimamishwe mpaka mtaro utafutwe. Nilitaka fidia ya sakafu, ya cherehani, ya madaftari. Nilitaka ramani zote zipigwe picha, zitundikwe kwenye ofisi za masheha, zisomeshwe maskulini. Yote hayo bado nayataka na nina haki nayo. Lakini nimeshaandika barua nne zenye mambo mengi, na nimeona mambo mengi yanavyopokelewa. Basi naomba moja.

Itoe ramani ya 1892 bombani, pamoja na kipande chake. Ipigwe picha. Iwekwe juu ya meza ya yule anayetoa vibali, na kabla hajagonga muhuri aweke kidole pale panapotaka kujengwa, aone kama kidole chake kiko nchi kavu au majini. Hilo tu. Halihitaji mfadhili wala kamati. Linahitaji meza na neno lako, na neno umeshalitoa.

Bamvua jengine ni baada ya wiki mbili, mwezi ukiandama. Mvua za masika bado hazijaisha. Nitakuwepo nyumbani, na mlango nitauacha wazi kwa sababu kuufunga hakunisaidii. Njoo usiku wa manane, maji yakianza kujaa. Ukipita mlangoni inama kidogo. Ramani uje nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Ng'ambo, Unguja.