Mshauri wa bure ni mtoto niliyemlea, mshauri wa kulipwa simjui

Ndugu mshauri, salaam nyingi kutoka Morogoro.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34, nikastaafu mwaka 2025 nilipotimiza miaka 60. Kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya mstaafu, kilipopigwa, kwa ile asilimia 40 ya mafao inayolipwa kwa mara moja iliyotangazwa mwaka 2024, malipo yangu ya mkupuo yalifika Sh milioni 67 na ushee, na pensheni ya kila mwezi ni kama Sh 675,000. Tumeezeka nyumba upya na nimemaliza ada ya kitinda mimba wangu chuoni. Zimebaki milioni 60, nazo zimekaa tu benki kwenye akaunti ya kawaida. Sijawahi kushika fedha kama hizi na najua sitazishika tena. Ndiyo maana niliona nisizipeleke popote bila kuongozwa na mtu anayejua.

Mtu wa kwanza alikuja mwenyewe. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mama yake alituacha kijana akiwa darasa la tatu, nikamlea hadi akamaliza kidato cha sita. Sasa ni wakala wa bima, ana kitambulisho chake halali, wala sisemi ni tapeli. Alikuja na fomu ya bima ya maisha yenye akiba: nilipe milioni 6 kila mwaka kwa miaka 10, kisha nichukue fedha zangu pamoja na nyongeza. Akaniambia, "Mama mkubwa, wewe sikutozi hata senti. Ushauri wangu kwako ni bure."

Nikamuuliza, "Kama mimi sikulipi, mwanangu, wewe unalipwa na nani?"

Aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza. Akavuta kikombe cha chai ambacho kilikuwa kimeshapoa, akanywa, ndipo akasema kampuni inampa kamisheni, lakini haitoki kwangu. Nikauliza ni kiasi gani. Akasema hizo ni taratibu za ofisi. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Kampuni ile haina fedha nyingine ya kumlipa kwa ajili yangu isipokuwa hiyo hiyo nitakayoileta.

Usiku nilivaa miwani nikaisoma fomu yote, mpaka yale maandishi madogo ya nyuma. Nikiacha kulipa kabla ya kutimia miaka miwili, sirudishiwi kitu. Nikiacha baada ya hapo, narudishiwa pungufu ya nilichoweka. Halafu nikaona jambo ambalo mezani hatukulitaja: milioni 6 mara miaka 10 ni milioni 60. Ni fedha yangu yote! Na bima ya maisha inalinda watu wanaotegemea kipato cha anayekufa. Watoto wangu wote wanajitegemea, na huyo wa mwisho kashapata kazi. Nikimaliza kulipa nitakuwa na miaka 70, na katikati hapo nikiugua, nitagusa nini?

Mtu wa pili nilielekezwa na mwalimu mkuu mstaafu. Ni mama mmoja aliyewahi kufanya kazi benki, ofisi yake iko upande wa Msamvu. Nilikaa naye saa moja na nusu na hakuniuzia chochote. Kwanza aliniuliza maswali: nina deni gani, mzee wangu ana afya gani, nani ananitegemea, mwezi mbaya kabisa tunatumia kiasi gani, na fedha ikipungua thamani kwa muda nitaweza kulala. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata yule kijana wangu anayenijua tangu utoto wake.

Alinieleza kwamba hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba hadi muda wake uive ndipo urudishiwe fedha yako, zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada, mtu wa kawaida anaweza kuanza na milioni 1 kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa, na riba inaingia kila baada ya miezi sita. Akanionya nisikimbilie ya miaka 25 kwa kuwa tu riba yake inavutia, kwa sababu itaiva nikiwa na miaka 85. Kuiuza kabla ya hapo inawezekana, lakini bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya niliyonunulia. Fedha ya ugonjwa na dharura, akasema, iwe mahali pa kutoka upesi, akataja vipande, yaani hisa ndogo ndogo, vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Akaniambia pia kwamba riba ya akaunti ya muda maalumu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, jambo ambalo karani wa benki aliyekuwa akinisukumia akaunti hiyo hakulisema. Nilitoka pale nikiwa na mwanga kichwani.

Sasa bei. Mpango ulioandikwa ni Sh 350,000, mara moja. Nikitaka yeye ndiye asimamie uwekezaji, ni asilimia 1.5 ya fedha yote kila mwaka. Kwa milioni 60 hiyo ni Sh 900,000, yaani pensheni yangu ya mwezi mzima na chenji juu, iwe fedha imezaa au haikuzaa. Na katika usimamizi huo, fedha inapitia kwanza akaunti ya ofisi yake. Hapo moyo ulishtuka. Nikaenda kwa kijana wa steshenari akanifungulia orodha ya wenye leseni wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Washauri wa uwekezaji wapo, madalali wapo, mameneja wa mifuko wapo. Jina la huyu mama halipo, wala la ofisi yake. Nilipompigia alisema maombi ya leseni yako njiani.

Wenye umri wangu hatujasahau DECI, ile taasisi ya upatu iliyofungwa na serikali mwaka 2009. Watu "walipanda mbegu", yaani waliweka fedha wakiahidiwa kuvuna zaidi, wengi wao wasomi, na wakahimizwa na watu waliowaamini. Simlinganishi huyu mama na hao. Maelezo yake nimeyahakiki benki na kwa dalali mmoja, nikakuta ni ya kweli. Lakini anayejua mambo yake naye anaweza kuondoka na fedha ya mtu.

Nyumbani hali si shwari. Mzee wangu anasema laki tatu na nusu kwa maneno matupu ni mabati mangapi, na kwamba fedha ya kustaafu ni vyumba vya kupangisha, basi. Upande wa ukoo nimeshaanza kusikia kwamba mwalimu anakwenda kutajirisha wageni huku mtoto wa marehemu anahangaika na wateja. Hilo linaniuma, kwa sababu yule kijana ni wangu na hesabu zake za mwezi nazijua, kodi ya chumba na yote. Nimewaza nimpe milioni 1 mkononi, wazi wazi, kama mtoto niliyemlea. Itanigharimu kidogo kuliko kumsaidia kwa kununua bima ya miaka 10 nisiyoihitaji. Ila naogopa ataiona kama nimemfukuza.

Ndugu mshauri, ninachokuomba ni hiki. Je, ni busara nimlipe yule mama Sh 350,000 za mpango tu, bila kumkabidhi hata shilingi ya kuwekeza, kisha niende mwenyewe benki na UTT nikafungue akaunti kwa jina langu? Au kukosa leseni kunatosha kumwacha kabisa, nitafute mwingine aliye kwenye orodha, hata kama ni lazima nifunge safari ya Dar es Salaam? Mshauri mwenye leseni naye nitajuaje kama hapokei kamisheni kwa anachonishauri, niombe anipe kwa maandishi? Na kwa mtu wa miaka 60 mwenye pensheni inayoingia kila mwezi, hivi kweli ninahitaji msimamizi wa kudumu?

Nisaidie na maneno ya kumwambia kijana wangu. Jumapili anakuja kula chakula cha mchana na ameshasema atapitia fomu. Iko chini ya kitambaa cha meza, sijaisaini.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro