Kwa somo yangu, kuhusu hizo hisa za senti

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Majengo. Kaskazi inatuchoma, ila wazima.

Orodha yako ya hisa za chini ya shilingi mbili nimeipitia kalamu mkononi. Tamaa yako naielewa. Mombasa nzima sasa kila mtu ana binamu aliyenunua Kenya Power mwanzo wa 2024, bei ikiwa haijafika shilingi mbili, na 2025 ikapita kumi. Si uongo. Lakini tazama kilichoipandisha. Mwaka ulioisha Juni 2023 ilipata hasara ya shilingi bilioni 3.2, mwaka uliofuata, faida ya bilioni 30. Bei ya umeme ilikuwa imepandishwa, na shilingi ilipopata nguvu, mzigo wa madeni ya dola ukawa mwepesi. Ikatoa na gawio, yaani mgao wa faida, la senti 70 kwa kila hisa. Tena hapo Malindi ukikosa umeme wao utawasha nini?

Sasa waniuliza, hisa ya senti 50 itashuka mpaka wapi tena? Itashuka mpaka sifuri, shoga. Mumias, ile kampuni ya sukari, ilikuwa senti 27 meneja mrasimu, yule anayewekwa na wadai kuishika kampuni, alipoingia Septemba 2019 na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Aliyezinunua kwa senti 50 akijua ameokota, hata hizo 27 hakuna wa kumpa.

ARM, ile ya saruji, ndiyo inayoniuma zaidi kwa kuwa ni ya huku kwetu, wakiwa na kiwanda Kaloleni. Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi, na mwaka uliofuata National Cement wakanunua mali yake. Watu husikia kiwanda kimepata mnunuzi wakadhani na wao wamepona. Wapi! Pesa huenda kwa wadai kwanza, mwenye hisa ni wa mwisho kwenye foleni, na akifikiwa sufuria imeshakwanguliwa.

Hata isipokufa, kampuni yaweza kukufungia pesa. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Muda wote huo ungekuwa na mgonjwa au karo, usingeuza hata moja.

Kwa hivyo mimi bei huiangalia mwisho. Naanza na madeni: riba ya mwaka ni ngapi, na faida ya biashara yatosha kuilipa? Wewe riba huitaki hata kuisikia, kumbe nusu ya orodha yako ni kampuni zilizozama kwenye riba mpaka shingoni! Kisha nauliza ni hisa ngapi huuzwa kwa siku. Hizi ndogo ndogo kuzinunua ni rahisi, siku ya kuuza ndipo humwoni mnunuzi.

Wala huna haja ya kumwaga mkono mzima wa chama, zile pesa za zamu yako, kwenye hisa. Zamani ilikuwa lazima ununue hisa 100. Tangu Agosti 2025 hata moja waruhusiwa. Karo ya Januari iweke kando kabisa. Dalali akikuhimiza uharakishe, mwambie unangoja jibu la somo yako.

Ile ya nne na ya saba nimezikata. Ya pili sijaikata, ina kitu. Ukishuka Mombasa nibebee hesabu zake za mwaka, zile kamili zenye maoni ya mkaguzi, si ule ukurasa mmoja wa gazeti.

Wako,
Somo