Harambee ya dawa za mwanakwaya wetu

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa waumini, majirani wa Igombe, nanyi wana wa huku mlio mbali,

Binti yetu wa sauti ya kwanza amekuwa akianguka. Akinyanyua mikono kuanika dagaa kwenye chanja, mkono wa kushoto unachoka hadi unakufa ganzi, macho yanaingia giza, anapepesuka. Mengi yamesemwa mwaloni, na mengine yamemuumiza sana. Jamani, hakuna jini hapa. Muuguzi alitafuta mapigo kwenye mkono huo asiyapate, na presha yake ilikuwa chini mno kuliko ya mkono wa kulia. Picha ya mishipa iliyopigwa hospitali ya Bugando ikaonyesha sababu.

Ni ugonjwa wa Takayasu, uitwao kwa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Kinga ya mwili hugeuka kushambulia mshipa mkuu utokao moyoni na matawi yake. Kuta zinavimba, zinanenepa, njia ya damu inakuwa finyu. Huwapata zaidi wanawake, wengi kabla ya miaka 40. Hauambukizi, kwa hiyo msimkwepe. Kwake umeziba mshipa wa mkono, chini kidogo ya shingo. Mkono ukifanya kazi, unavuta damu iliyopaswa kupanda ubongoni. Ndiyo maana huanguka akianika, hata akiwa ameshiba. Usipodhibitiwa, anaweza kupata kiharusi.

Dawa zipo: prednisoloni ya kutuliza uvimbe, na methotrekseti ya kupunguza ukali wa kinga hiyo ya mwili. Shida ni kuzipata bila kukatika. Prednisoloni haiachwi ghafla. Mgonjwa anaweza kuzidiwa vibaya. Nasi tunajua maisha ya ziwa: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, na nyumba yake haina kipato kingine. Bima hana. Mwezi uliopita alikuwa akikata kidonge nusu ili kifike kesho.

Kwa hiyo tunaomba zaidi ya sadaka ya siku moja. Lengo ni shilingi milioni 3 za dawa, vipimo na nauli kwa mwaka wa kwanza, na tungependa sana ahadi za kila mwezi, hata shilingi 2,000. Harambee ni Jumapili hii baada ya Misa ya pili. Mwenye kuku, ndizi au debe la dagaa alete, tutanadi. Mlio mbali, tumeni kwa simu kupitia mweka hazina wa jumuiya yenu. Risiti za dawa zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi.